CHEMSHENI! Dampo wameliweka juu ya kijito, halafu anatuambia CHEMSHENI

Mtoto wa Bondeni (mwanzisha uzi):
Wakuu, mkutano umevunjika sasa hivi na hasira bado iko kooni. Huyo kiongozi aliyekuja kujibu maswali simtaji, mnamjua. Mama mtu mzima kasimama, kauliza kwa adabu zote: tangu trekta lianze kumwaga taka pale juu maji ya kijito yamekuwa rangi ya chai, tunywe nini? Jamaa kavuta maiki, kajibu neno moja: "Chemsheni." Akakaa. Akafungua soda!

Chemsheni! Anamjibu hivyo mama wa rika la mama yake mzazi!

Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo, amiba. Hapo sawa. Lakini madini ya risasi yaliyovuja kwenye betri la gari hayafi, hayana uhai. Ukichemsha lita 5 zikabaki 4, risasi yote imebaki mle mle, tena kwenye maji machache zaidi. Nitreti, ile chumvi inayotoka kwenye taka zilizooza na vinyesi, nayo hivyo hivyo, na hiyo inamdhuru hasa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Maana yake tuipike sumu mpaka ikolee, kama mchuzi wa pweza!

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pale ukirusha ganda la ndizi linaogelea. Hakuna uzio, hakuna mfereji wa kukinga maji ya mvua kwa upande wa mlimani, hakuna koleo hata moja la udongo wa kufunikia. Mvua inaingia kwa juu, inachuja kila uchafu, inatokea chini nyeusi kama lami, moja kwa moja kijitoni. Mtu mwenye ofisi na mafaili anayajua yote haya, anasema CHEMSHENI.

Fundi Bomba:
Hiyo soda ndiyo imeniumiza. Dampo la mji mdogo wala halihitaji mabilioni. Handaki la kina cha mita 2, sakafu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na chini yake ibaki walau mita 1.5 kabla ya kugusa maji ya ardhini. Kipimo kichukuliwe masika! Hapo ndipo wanapoharibu: wanachimba Septemba wanaona pakavu, Aprili handaki ni bwawa. Kila jioni sentimita 15 za udongo juu ya taka. Na udongo upo, ni ule ule walioufukua, umelundikwa kando unaota majani.

Stendi Kuu:
Mkuu punguza povu. Mkutanoni ulikaa kimya kama maji mtungini, humu umekuwa simba. Hicho kifungu cha 57 ungekisoma pale pale mbele yake.

Mtoto wa Bondeni:
Maiki alikuwa nayo YEYE! Neno moja, kakaa, kafungua soda! Mama wa watu bado amesimama!

Stendi Kuu:
Haya, cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira uliulizia? Anza na NEMC kanda, wale wa baraza la taifa la mazingira, andika barua, nakala kwa bodi ya maji ya bonde, gonga muhuri wa kupokelewa. Kelele hazina muhuri.

Shamba Darasa:
Na wakulima tujisemee ukweli, nusu ya sumu pale ni chupa zetu za viuatilifu. Chupa ikiisha isuuze mara 3, yale maji ya kusuuzia yamimine kwenye bomba la kupulizia, kisha itoboe kitako asije mtu akawekea mafuta ya taa. Halafu huo moto wanaouwasha kila Ijumaa unakwenda chini kwa chini siku nzima. Ndoo za maji kwa juu haziuzimi. Unafukua, unatandaza, unazima, unafunika kwa udongo.

Mama Lishe Sokoni:
Ninyi wenzetu taka zimefika dampo! Huku sokoni kizimba cha taka kimejaa mpaka funza wanavuka barabara. Ushuru wa taka wanakata kila asubuhi, mashine inatoa risiti, trekta halitoki. Wakiulizwa, tairi. Tairi gani linapasuka tangu mwaka jana? Watuoneshe sheria ndogo iliyothibitishwa na waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, tuone kiwango kilichoandikwa mle kama ndicho wanachotutoza.

Mzee wa Darajani:
Dada yangu, taka huzolewa. Je, daraja? Malori yanachota mchanga pale chini usiku na mchana, msingi wa nguzo uko nje kama meno ya mzee. Ule mchanga ndio unaotunza maji ya kiangazi. Ukiondoka, mafuriko yanapita mbio na visima vya kando vinakauka.

Mtoto wa Bondeni:
Wazee, turudi kwenye chemsheni jamani.

Fundi Bomba:
Mzee kasema kweli. Tena mchanga wenyewe wa pale mbovu, una tope. Jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha itulie kwa muda wa saa 3. Tabaka la tope juu likifika sehemu moja ya kumi ya mchanga, usipokee, zege litapasuka.

Mama Lishe Sokoni:
Ndio waliojengea choo cha soko. Kimepasuka kabla hakijafunguliwa.

Stendi Kuu:
Kwani tripu ya tani 7 siku hizi bei gani mpaka saiti?