Wimbo wetu wa kupinga unafiki: tumtaje kiongozi kwa jina?

Wakuu, naombeni ushauri. Kikundi chetu kimemaliza wimbo kuhusu viongozi wanaowapandisha watu wenye ulemavu jukwaani, wakapiga nao picha na kuwasifia ujasiri, ilhali ofisi zao ni ngazi tupu na mikutano yao haina mkalimani wa lugha ya alama. Prodyuza anataka tumtaje kiongozi mmoja na kumtukana, eti ndiyo utasambaa. Mimi naona hoja itapotea. Halafu kuna hili linaloninyima usingizi: kwenye kikundi hakuna hata mmoja mwenye ulemavu. Tuna haki ya kuuimba?

Mkunggita
Msitukane, mkuu. Mkitukana, mjadala utakuwa mdomo wenu, ngazi zake zitasahaulika. Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, kwenye wimbo wake "Zombie" alimchora tu askari anayesubiri amri hata ya kugeuka, na wenye magwanda wakajiona. Mwaka 1977 wanajeshi walivamia makazi yake Lagos, wakayachoma, mama yake akatupwa dirishani. Kwa hiyo kuficha jina nako si kinga. Onaneni na mwanasheria kabla ya kuuachia.

Sauti_ya_Pili
Mimi natumia kiti cha magurudumu na ni mwimbaji, kwa hiyo nitasema wazi. Imbeni, ila msituimbie kwa huruma. Huruma ndiyo hiyo hiyo anayotugawia mheshimiwa jukwaani! Ian Dury, mwimbaji wa Uingereza aliyeugua polio utotoni, aliukataa mtazamo huo mwaka 1981, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Aliandika "Spasticus Autisticus", wimbo mkali, na BBC ikaubania. Mwaka 2012 ukapigwa kwenye ufunguzi wa Paralimpiki, London. Staff Benda Bilili, bendi ya wanamuziki wenye ulemavu wa Kinshasa, nao waliimba wakiwa kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu, hawakusubiri kusemewa. Tafuteni mwenzetu aandike ubeti mzima, jina lake liwepo kwenye wimbo na mgao wake wa mirabaha uandikwe. Kumweka kwenye video tu akitabasamu ni kurudia kile kile mnachokipinga.

Mzee wa Kiitikio
Naongeza moja. Wapinzani wa huyo kiongozi wataupenda sana. Kenya, mwaka 2002, "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji iligeuka wimbo wa kampeni ya upinzani, na upinzani ukashika dola. Amueni sasa kama mtaruhusu chama chochote kuutumia, na muweke kwa maandishi. Kama ofisi za hao wapya nazo ni ngazi tupu, wimbo unawahusu vilevile.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana wakuu. Matusi hapana, hilo nimeshamwambia prodyuza. Dada Sauti_ya_Pili, ubeti wa tatu wote ulikuwa wa huruma, nimeufuta. Ungekuwa tayari kuuandika wewe? Mgao tutaweka kwenye mkataba kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Sauti_ya_Pili
Nitumie mdundo na beti mbili za mwanzo. Na studio yenu, je, ina ngazi?