Boksi la Ami

Kikundi: UKOO WA BIBI 🌴

JUMATANO

Naima, 06:48
Asalaam alaykum wote. Ndo tunatoka Maskati sasa hivi kuja Sur kwa Ami, mie na Salum mbele, watoto wawili nyuma, na boksi la Ami liko buti limefungwa kamba, Mama usiwe na wasi

Mama (Unguja), 06:50
Waalaykum salaam. Boksi lisilazwe ubavu. Achari ya embe chupa 3, karafuu kilo 1, kashata, dagaa wako kwenye mfuko mweusi. VYOTE VYA AMI.

Ami Sur, 06:55
Mnapita Qurayat au Bidbid? Njia ya pwani masaa mawili tu mshafika

Naima, 06:57
Bidbid Ami, njia ya bara. Shangazi wa Ibra keshasema tukipita pwani asituone tena maishani. Halafu watoto wanataka mchanga

Ami Sur, 06:58
Haya. Samaki nshamuagizia, chakula saa nane mchana

Rukia (Leicester), 07:20
Ami saa nane ya siku gani lakini 😂

Shangazi Ibra, 09:41
Wameshafika kwangu. Naima kakonda.

Naima, 11:26
Jamani leo Jumatano, kumbe ndo siku ya soko la wanawake hapa Ibra, wanaume hawaingii kabisa, wauzaji wanawake na wanunuzi wanawake, basi Shangazi kanishika mkono tumezama humo, udi, wanja, vitambaa, zile nakshi za miguu ya suruali wanazofuma kwa mkono, kuna bibi mmoja kanivutia chini nikae nae kwenye mkeka eti nipumzike, kumbe ananiuzia. Nilisema dakika kumi

Salum, 11:28
Saa nzima na nusu. Niko nje kwenye gari na wanaume wenzangu, kila mmoja kashikishwa mtoto. Na hao dagaa wameanza kuongea. Naomba ruhusa niwatupe

Mama (Unguja), 11:29
Thubutu.

Shangazi Ibra, 11:40
Wifi, chupa moja ya achari nimeitoa. Nimeona afadhali niseme mwenyewe

Mama (Unguja), 11:40
ALAA

Shangazi Ibra, 11:41
Ami ana mbili, meno yenyewe anayo?

Ami Sur, 11:43
Nawasoma mjue

Naima, 15:52
Tuko Mudhairib, kilomita chache tu kutoka Ibra lakini tumefika alasiri. Tulisema tunapita kumsalimia yule mzee binamu yake babu, tukawekwa chini, kahawa, tende, wali, tena kahawa. Kaondoka Unguja mwaka 1964 akiwa mtoto, Kiswahili chake ni kile cha zamani kabisa, mpaka najionea haya na changu. Anauliza Forodhani pweza bado wanachoma usiku? Darajani pakoje? Nikamfungulia boksi nimuonyeshe kashata. Kachukua moja, kainusa kwanza, kimya, halafu hakuila, kaitia mfuko wa kanzu. Sasa Mama mie nifanyeje, nikamwachia zote

Mama (Unguja), 15:58
Umefanya vizuri mwanangu. Ami atasamehe.

Ami Sur, 16:03
Sawa zote. Huyo mzee nampenda. Samaki je?

Salum, 16:04
Ami tunakuja, tunapita Bidiya mara moja tu watoto waone mchanga

Rukia (Leicester), 16:05
Mara moja 💀

Naima, 18:20
Tumekwama

Naima, 18:27
Naeleza. Ukiingia mchangani, zile Rimal al Sharqiya, wazee wanaita bado Wahiba, unatakiwa upunguze upepo wa tairi, kama una PSI 35 ushuke mpaka 18 hivi, tairi inalala inakuwa pana haizami. Kaka yenu kashusha mpaka 28 akasema yatosha, ataona tabu kuyajaza tena. Tumepanda tuta la kwanza vizuri, la pili gari imekaa kwa tumbo kabisa, na kila akikanyaga mafuta tunazidi kujizika. Watoto wanacheka wanateleza kwenye tuta na sinia la Shangazi

Salum, 18:29
Lilikuwa tuta la tatu

Ami Sur, 18:31
USIKANYAGE MAFUTA. Shuka, ondoa mchanga mbele ya matairi kwa mkono, upepo ushushe mpaka 15. Na kiza kinaingia

Naima, 19:44
Tushatoka alhamdulillah. Kaja mama wa Kibedui na pikapu yake, peke yake, kavaa barakoa (ile ya asili, siyo ya korona), katazama tairi, katazama Salum, hakusema kitu. Kafunga kamba, kavuta mara moja, gari hiyooo. Halafu katwambia tumfuate kwake tukanywe kahawa, usiku huu hamwendi popote. Tuko hemani. Karafuu nimempa, nimejaza bakuli, kazitia kwenye dele papo hapo, harufu yake humu ndani kama tuko Pemba

Mama (Unguja), 19:46
Kilo nzima?

Naima, 19:46
Mama kanivutia gari

Rukia (Leicester), 19:50
Huku mvua nyuzi 6, mie nasoma haya kwenye basi nalia kwa wivu. Nyota zikoje

Naima, 19:58
Simu haizichukui. Nyingi mpaka mtoto kauliza nani kawasha zote

ALHAMISI

Ami Sur, 08:10
Samaki wa jana kaliwa na paka. Nanunua mwengine?

Salum, 08:35
Nunua Ami. Najaza upepo, hii pampu ya kuchomeka kwenye gari tairi moja robo saa, kelele utasema mashine ya kusaga

Naima, 13:15
Tuko Wadi Bani Khalid 🙈

Ami Sur, 13:16
Huko si njiani

Naima, 13:17
Si mbali na njia Ami. Mabwawa ya kijani, na vile visamaki vinavyotafuna miguu, Salum katoka mbio mbele za watu

Salum, 13:30
Nilishtuka tu

Ami Sur, 16:50
Mko wapi? Baada ya Kamil ngamia wanakatisha barabara, msije na kiza

Naima, 18:05
Tuko mlangoni kwako tunagonga

Ami Sur, 19:20
Wamefika, wamekula, watoto wamelala. Nimefungua boksi. Mna achari chupa moja.

Mama (Unguja), 19:21
Si zilibaki mbili?

Salum, 19:22
Kule hemani usiku na mkate… ilitufungulia hamu

Mama (Unguja), 19:22
Ya Rabbi. Aibu yangu. Ami nisamehe, ntakutumia vyengine, hawa watoto wako hawaaminiki

Ami Sur, 19:24
Vya nini? Dagaa wamo wote. Mie tangu Ramadhani nilikuomba dagaa tu, hivyo vyengine uliongeza mwenyewe 😂

Salum, 19:25
Yani hawa waliotunukia siku mbili ndo wenyewe??

Ami Sur, 19:26
Ndo wenyewe. Nishawaroweka

Mama (Unguja), 19:30
Basi ile chupa Wifi airudishe.

Shangazi Ibra, 19:41
Tupu ntairudisha