Mkia wa heli ya 600 unapiga chenga tangu nihamie Arusha, niweke panga za 105?

kipanga_wa_bara
Wakuu habarini za jioni, naombeni msaada wa wazoefu maana mimi bado najifunza. Nina heli ya rimoti saizi ya 600, betri 6S (seli sita), mapanga makubwa milimita 600 na ya mkia ni 95, yale yale yaliyokuja kwenye boksi. Nikiwa Dar ilikuwa inaruka safi, mkia umetulia hadi nikawa najisifu. Sasa nimehamia Arusha na kila nikivuta stiki ghafla ipande, pua inachomoka kushoto kama nyuzi 40 hivi halafu inarudi taratibu. Ikisimama tu hewani haina shida. Geini ya jairo, yaani ukali wa kile kifaa kinachotuliza mkia, nimepandisha mpaka mkia ukaanza kutetemeka nikarudisha. Jamaa mmoja kaniambia huku hewa nyepesi, ninunue panga za mkia za 105 zile za heli ya 700. Kabla sijatuma hela naomba kujua, zitakaa? Na mtu anajuaje saizi sahihi au ni kubahatisha tu?

mzee_wa_servo
Kabla ya panga, kichwa (panga kubwa za juu) unazungusha ngapi kwa dakika?

kipanga_wa_bara
1,500 mkuu. Dar nilikuwa 1,850 ila huku nimeshusha ili betri ikae, nachajia kwa jenereta ya jirani na sipendi kumsumbua kila saa.

mzee_wa_servo
Basi mchawi tumempata na si Arusha. Mkia hauna mota yake bwana, unavutwa na mkanda kutoka kwenye gia, ukishusha kichwa umeshusha na mkia. Zungusha panga kubwa kwa mkono mzunguko mmoja uhesabu mkia umezunguka mara ngapi, kwenye 600 nyingi ni nne na nusu hivi. Kwa hiyo Dar mkia wako ulikuwa unakimbia kama 8,300 na sasa uko 6,750. Ukiangalia harakaharaka unasema aah ni asilimia 19 tu, lakini nguvu ya panga inakwenda kwa mraba wa spidi, chukua 1,500 gawa kwa 1,850 halafu zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.66. Theluthi nzima ya nguvu ya mkia umeitupa mwenyewe, na kazi ya mkia nayo umeiongeza, kwa sababu mota ikitoa nguvu ile ile kwa mizunguko michache mwili unasokotwa zaidi, ni kama kupandisha mlima na baiskeli kwenye gia nzito, unakanyaga polepole ila goti ndio linalia.

Hewa nyepesi ipo kweli, mita 1,400 inakukata kama asilimia 13 ukilinganisha na pwani, lakini inakata na mzigo wa panga kubwa pia kwa hiyo kwa pichi (pembe ya panga) ile ile mkia hauumii sana, unaumia pale unapoongeza pichi ili heli ipande kama ilivyokuwa inapanda Dar.

Sasa hiyo 105. Pima kutoka katikati ya ekseli ya mkia mpaka ncha ya panga, kwa 95 ni kama 120, kwa 105 itakuwa kama 130. Upana wa panga ukiwa ule ule nguvu inapanda karibu na kipeo cha tatu cha urefu huo, yaani unaongeza robo na kidogo. Ukipandisha kichwa kutoka 1,500 hadi 1,700 unapata robo na kidogo hiyo hiyo bure. Ndio maana mimi saizi ya panga ya mkia naichagua mwisho, kwanza naamua kichwa kitakimbia ngapi.

eldy_rotor
Mzee amesema ukweli lakini si kila mtu anataka kupandisha. Mimi niko Eldoret, huku ni karibu mita 2,100, na yangu nimeivalisha bodi ifanane na helikopta ya ukweli, ikizunguka haraka inapiga kelele kama nyuki na raha yote inaisha. Niko 1,400 na nimeweka 105, mkia umeshika vizuri tu. Ila usidhani ni kufungua bolti mbili na kufunga. Nilipofunga mara ya kwanza nikazungusha kwa mkono, kati ya ncha ya panga kubwa na ncha ya ya mkia ilibaki milimita 4, hapo ukitua vibaya mara moja panga likainama umemaliza kila kitu. Ilibidi ninunue bomba la mkia refu na mkanda wake. Angalia pia lile pezi la chini, kama panga ni refu kuliko pezi litakuwa linafyeka nyasi. Na pima shina la panga kwa venia, unene na tundu la bolti, yangu yalikuwa na plei (yanachezacheza) ikabidi niweke washa nyembamba za bolti. Baada ya hapo geini ilishuka kutoka 42 hadi 33, na servo (mota ndogo inayogeuza pembe ya panga za mkia) inapata moto kuliko zamani, mzigo umeongezeka.

spana_namba8
Mnapiga hesabu tu hakuna aliyeuliza kama slaida ya mkia, kile kipande kinachoteleza kwenye ekseli kugeuza panga, inafika mwisho 😂 chomoa mkono wa servo, sukuma slaida kwa kidole, iende bila kukwama. Halafu rudisha, washa, vuta stiki ya rada (ya kugeuza pua) mpaka mwisho pande zote mbili uone servo inaifikisha wapi. Ukiweka limiti (mwisho wa mwendo wa servo) ndogo kwenye jairo hata panga la 200 halitakusaidia. Na bolti za panga usikaze mpaka panga ligande.

kipanga_wa_bara
Wakuu nimerudi. Spana umenikamata, upande mmoja servo ilikuwa inaishia njiani, limiti niliweka 60 siku nilipobadilisha servo nikasahau, Dar haikuonekana kwa sababu kichwa kilikuwa juu. Nimepanga upya, slaida ilikuwa na vumbi nimefuta, na kichwa nimepandisha 1,750. Leo asubuhi nimevuta stiki mara kumi hivi, pua inasogea kidogo sana, ukiwa huangalii huoni. Muda wa kuruka umeshuka kutoka dakika 7 hadi 6, jirani itabidi anivumilie. Za 105 sijanunua ila nilipofungua nyuma nimekuta mkanda meno yameanza kuchanika, hela imeenda huko.

mzee_wa_servo
Safi. Huo mkanda mpya usiukaze kama uzi wa gitaa, utaua beringi, ubonyeze kwa kidole usogee kidogo tu. Na ukiufunga angalia umeusokota upande ule ule wa zamani, mimi niliwahi kukosea mkia ukazunguka kinyumenyume, heli haikufika hata magotini.