Fungate Ulaya siku 14 kwa euro 2,000: miji sita inawezekana?

BiHarusi_wa_Juni
Habari zenu. Tumefunga ndoa mwezi wa sita na fungate hatukwenda, pesa yote iliishia kwenye sherehe. Sasa tumejibana, na tukishatoa nauli ya ndege tunabaki na euro 2,000 za kula, kulala na kuzunguka, siku 14, Septemba mwakani. Mume wangu ameshapanga: Paris, Amsterdam, Prague, Vienna, Venice, Roma. Mimi nikiitazama ile orodha naona mabegi tu. Lakini alikesha akiunganisha miji kwenye ramani kwa kalamu nyekundu, na sitaki kumvunja moyo. Mliotangulia, mngefanyaje? Na viza tuombe ubalozi wa nchi gani?

Baba_Safari
Hongera sana dada, shemeji naye mpe pole ya kukesha.

Mimi na mke wangu tulizunguka miji saba kwa siku 15. Ninachokumbuka zaidi ni stesheni. Huko kuhama ndiko kunakomaliza pesa. Siku ya kuhama mnalipa nauli ya wawili, chumba mnakabidhi asubuhi na kingine mnakipata alasiri, kwa hiyo mabegi mnayalipia kabati stesheni, na chakula mnanunua hapohapo kwa bei ya hapohapo.

Ningekuwa nyinyi ningebaki na mitatu. Prague usiku nne, na mkitoa pesa kwenye mashine ikiwauliza kama iwakate kwa sarafu ya kadi yenu, kataeni, chagueni koruna, sarafu ya huko. Vienna usiku mbili, kwa treni ni kama saa nne tu. Kisha treni ya usiku hadi Roma, mnalala humo na hoteli hamlipi. Tiketi kateni mapema, vitanda huwahi kwisha. Roma usiku sita.

Kwa mpango huo viza ya Schengen, ile moja inayoingiza nchi nyingi za Ulaya, mnaomba Italia, kwa sababu ndiko mtakakokaa zaidi. Siku zikilingana, mnaomba nchi mtakayoingia kwanza. Ada ni euro 90 kila mtu, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, msingoje dakika za mwisho.

Roma maji msinunue. Mitaani kuna mabomba ya chuma yanayotiririka mchana na usiku, wenyeji wanayaita nasoni. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kidogo, unakunywa bila kuinama sana. Mke wangu alijifunza kwa kumwangalia mtoto mmoja, akaziba kwa nguvu mno, mtandio wote ukalowa. Picha hiyo ndiyo iliyo sebuleni kwetu mpaka leo.

Mama_Tumaini
Naunga mkono mitatu. Mkipanda treni za mkoa Italia na tiketi ya karatasi, igongeni muhuri kwenye kimashine cha stesheni KABLA ya kupanda. Sisi tulikuwa na tiketi halali mkononi na bado tukapigwa faini, mume wangu akanuna hadi jioni. Siku nzima ya fungate ikapotea hivyo, bado inaniuma.

Kahawa kunyweni mmesimama kaunta, mkiketi bei inapanda. Na Jumapili ya kwanza ya mwezi Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, ni bure, ila foleni wahini alfajiri.

BiHarusi_wa_Juni
Asanteni mno. Nimemsomea yote kwa sauti. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na Paris?" Nikamwambia Paris tutaiwekea safari yake, tusiipitie mbio. Ameichukua ile kalamu, Amsterdam ameifuta mwenyewe. Venice bado anaitetea.

Baba_Safari
Mwambie akichukua usiku mbili za Roma akazipeleka Venice, mlale Mestre, upande wa bara. Treni ni kama dakika kumi kuingia kisiwani, na vyumba huwa nafuu. Viza inabaki Italia vilevile.