Tajiri ananikata lita 80 kisa grafu ya traka. Niache kazi?

Semitela_Moja: Wakuu, sina usingizi. Nimetoka Dar na mzigo kwenda Tunduma. Gari ni Scania ya matenki mawili, sensa ya mafuta iko tenki la kulia tu. Nikishuka mlima Kitonga, grafu ya mafuta kwenye traka (kifaa cha kufuatilia gari) ikaanguka. Ofisini wanasema nimeuza lita 80, mshahara wa mwezi huu wote unakatwa. Niandike barua au niondoke kimyakimya?

Fundi_Nozeli: Barua iache kwanza. Kwenye mlima mafuta hukimbilia upande mmoja wa tenki, sensa inasoma pungufu, ukifika tambarare mstari unapanda tena. Yaliyonyonywa hayarudi. Omba grafu ya saa 24, siyo kipande walichokupigia picha. Mstari ulirudi?

Mama_Tela: Tajiri ana mkopo wa benki, nyie dumu la lita 20 mnaliita posho. Mkibanwa, sensa mbovu!

Gia_ya_Nane: Tatizo la madereva wengi ni mguu. Ukiwa na mzigo mshale wa mzunguko wa injini ukae 1,000 hadi 1,400 kwa dakika. Foleni ya mizani Vigwaza saa nzima injini inaunguruma, lita 2 au 3 zimekwenda na hujasogea. Na anayepiga free (gia nje) mteremkoni anajidanganya. Gia ikiwa ndani na mguu umeutoa kwenye mafuta, nozeli zinafunga mafuta. Ukipiga free injini inadai mafuta isizime, na mzigo wote unabaki kwenye breki.

Semitela_Moja: Asante mkuu wa gia, ila mimi nimeuliza habari ya barua. Mstari haukurudi. Gari lilikuwa limezimwa.

Fundi_Nozeli: Limezimwa wapi? Traka ilikuwa hewani?

Semitela_Moja: Ruaha Mbuyuni, saa nane usiku. Fyuzi ya traka nilichomoa dakika 40, inamaliza betri. Dereva yeyote angechomoa.

Fundi_Nozeli: Traka haimalizi betri za lori usiku mmoja. Halafu nyingi zina kibetri chake ndani: ukichomoa fyuzi inatuma taarifa kwamba umeme umekatwa, na mahali ulipo. Umejiandikia barua tayari.

Utingo_Mstaafu: Chai hii! Toka Dar kwenda Tunduma, Kitonga UNAPANDA. Huyu muuza traka, kesho anaweka namba ya simu.

Kona_Kali: Au afisa wa ofisini anatuchota akili 😂

Semitela_Moja: Nilikuwa narudi na shaba, nimechanganya safari. Mbona mmeng'ang'ania mlima?

Bush_Lawyer: Kweli au chai, soma kifungu cha 28, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kukukata kwa hasara lazima kosa liwe lako, wakupe maelezo kwa maandishi na nafasi ya kuyapinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Ukiondoka kimyakimya umewaachia uwanja.

Semitela_Moja: Sasa hapo umenisaidia. Maana zilikuwa 40 tu, siyo 80.

Mama_Tela: 🙆🏾‍♀️

Fundi_Nozeli: Kama matenki yameunganishwa kwa bomba la chini, gari likilala kushoto mafuta yanahamia huko na sensa ya kulia haiyaoni. Ulipoegesha, lililalia upande gani?

Semitela_Moja: Kushoto, mtaroni kidogo.