Naomba ushauri: miezi minne nahangaika na chuma, bado sijapata pulapu hata moja

Tumaini34

Wakuu, habari zenu. Nina jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Nataka kupiga pulapu moja, yaani kujivuta juu nikining'inia kwenye chuma. Moja tu, lakini ya halali: naanza mikono imenyooka, namaliza kidevu kiko juu ya chuma, bila kurusha miguu na bila mtu kunisukuma kwa chini.

Mimi ni mwanamke, miaka 34, kilo 71. Pushapu kamili napiga 12. Kwa miezi minne sasa, kila nikimaliza mazoezi yangu mengine naenda kwenye chuma, nadandia, navuta kwa nguvu zote. Kinachotokea ni kilekile kila siku: mabega yanapanda hadi masikioni, viwiko vinakunja kidogo sana, halafu nabaki natetemeka hadi vidole vinaachia. Juzi nimejipima kwa saa ya simu, nimening'inia sekunde 14.

Mwanangu wa miaka 8 anajivuta kwenye chuma hichohicho bila shida. Nimemuuliza anafanyaje, akaniambia, "Navuta tu, mama."

Nakosea wapi? Je, mpira wa mazoezi, ule wa kuvutika unaofungwa kwenye chuma ukubebe, utanisaidia? Na kuna umri au uzito ambao mtu anatakiwa akubali tu kwamba haiwezekani?

Ngome_Kuu

Dada, punguza uzito kwanza. Ukifika 60 itakuja yenyewe.

KochaMzee

Ngome, hapo tusimpoteze. Uzito una maana, kwa sababu kwenye pulapu unanyanyua mwili wako mzima, na kila kilo unayopunguza ni kilo usiyoivuta. Mtoto wa miaka 8 anaweza kwa sababu hiyo: mwili wake ni mwepesi ukilinganisha na nguvu alizonazo. Lakini nimewaona watu wembamba sana wakining'inia kama nguo kwenye kamba. Aliyepungua bila kufundisha mgongo wake kuvuta bado hawezi kujivuta.

Tumaini, jibu lako umeliandika mwenyewe pale uliposema mabega yanapanda masikioni. Pulapu haianzi kwenye mikono. Inaanzia kwenye ile mifupa miwili bapa ya mgongoni, nyuma ya mabega. Ikibaki juu, misuli mikubwa ya mgongo, ile inayoshuka kutoka kwapani kwenda kiunoni, inakosa pa kuanzia, na kazi yote inaangukia mikono. Mikono peke yake haibebi kilo 71.

Fanya hivi leo. Ning'inia mikono imenyooka kabisa. Usikunje viwiko hata kidogo. Sasa shusha mabega mbali na masikio, kama mtu anayerefusha shingo. Utaona mwili unapanda kidogo sana, sentimita tatu, labda tano. Kaa hapo sekunde mbili, rudi taratibu. Hiyo ni moja. Ukipata 5 safi, umeshika mwanzo wa pulapu. Mwombe mtu akupige picha kwa nyuma, maana wengi hudhani wanashusha mabega kumbe wanakunja viwiko.

Jambo la pili, na hili ndilo kubwa: acha kujaribu pulapu mwishoni mwa mazoezi. Unaipelekea kazi ngumu kuliko zote mikono iliyokwisha choka. Ianze wewe ukiwa mbichi, hujachoka.

Tumaini34

Asante sana, Kocha. Nimetoka kujaribu sasa hivi. Nimepata mbili, ya tatu viwiko vikakunja. Sikuwahi kujua kwamba mwili unaweza kupanda bila mkono kukunja. Nimeusikia mgongo ukifanya kazi kwa mara ya kwanza tangu nianze.

Mshipi_wa_Pili

Kuhusu mpira, mimi nitasema kutokana na yaliyonipata. Nilitumia mpira miezi mitano. Nikafika pulapu 10 za mpira, nikautoa, nikashindwa kupata hata robo. Sababu nimekuja kuielewa baadaye: mpira unasukuma zaidi pale unapokuwa umevutika zaidi, yaani ukiwa chini. Ukifika juu umelegea, haukusaidii. Mimi udhaifu wangu ulikuwa chini kabisa, kwenye kuanza, na hapohapo ndipo mpira ulikuwa unanibeba.

Kilichonitoa ni kushuka. Unapanda juu ya kiti, unashika chuma, kidevu kinakuwa tayari kimepita. Unatoa miguu, halafu unashuka taratibu iwezekanavyo hadi mikono inyooke. Msuli unaoachia mzigo taratibu unaweza kuhimili uzito mkubwa kuliko unaponyanyua, ndiyo maana mtu asiyeweza kujivuta hata mara moja anaweza kujishusha kwa sekunde tano.

KochaMzee

Nakubaliana kwa sehemu kubwa. Mpira siukatai moja kwa moja, una faida ya kukufundisha njia nzima, chini hadi juu, na kwa aliye mbali sana na lengo unampa mwanzo. Ila ukiutumia, badilisha kwenda mwembamba kila unapozoea. Mimi binafsi napenda kiti zaidi: weka kidole gumba cha mguu mmoja juu ya kiti kilichosogezwa mbele kidogo, jivute, na mguu usaidie pale tu unapokwama. Mguu unautawala wewe, mpira hauwezi kuutawala.

Tabibu_wa_Viungo

Naomba niongeze tahadhari, kwa sababu watu huja kwangu baada ya kusoma kwamba kushuka taratibu kunaleta matokeo, wakafanya 40 siku ya kwanza.

Mazoezi ya kushuka ndiyo yanayoumiza misuli kuliko mengine. Maumivu huja kesho yake, hufika kilele kati ya siku ya pili na ya tatu. Hayo ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni haya: mikono imevimba, haikunjuki, na mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea. Hapo msuli umevunjika kupita kiasi na figo ziko hatarini, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo wiki ya kwanza shuka mara 3 tu, siku mbili kwa wiki. Wiki ya pili 4. Usizidi hapo hata ukijisikia una nguvu.

La pili ni viwiko. Kano hujenga uimara polepole kuliko misuli. Msuli utakuambia uko tayari wakati kano bado. Ukisikia maumivu upande wa ndani wa kiwiko, hasa unapofungua kifuniko cha chupa au kukamua nguo, punguza kushuka kwa nusu na usisubiri yawe makali. Maumivu hayo yakishazoea mahali hukaa miezi.

Na kwa aliyewahi kuteguka bega, aonane na mtaalamu kwanza kabla ya kuning'inia.

Tumaini34

Nashukuru, Tabibu. Bega langu halina historia. Swali: nikishuka, naanguka ghafla nikifika katikati, pale viwiko vinapokuwa kama pembe ya mraba. Juu naweza kukaa, chini naweza kuning'inia, katikati pananitupa. Ni kawaida?

MamaWaWatatu

Ni kawaida kabisa, dada yangu, na mimi palinitesa hapohapo. Nina miaka 41, nilipata yangu ya kwanza baada ya miezi saba. Nilichofanya ni kusimama mahali penyewe. Nilikuwa nashuka hadi pale pananitupa, nasimama sekunde moja, naendelea. Wiki iliyofuata sekunde mbili. Nikifika tatu, sehemu ile ikawa imeacha kuwa shimo.

Cha pili kilichonisaidia ni kujivuta kwa ulalo. Tafuta chuma kilicho chini, usawa wa kiuno hivi, lala chini yake, shika, visigino chini, mwili umenyooka kama ubao, vuta kifua kikaguse chuma. Ikiwa rahisi shusha chuma. Nilikuwa napiga seti 3 za 8. Hizi zilinipa mgongo ambao sikuwa nao, na ni zoezi unaloweza kufanya kwa wingi bila kuumiza viwiko.

Halafu naomba nikwambie kitu kuhusu swali lako la mwisho, lile la kukubali haiwezekani. Kikosi cha Marine cha Marekani kilipanga kwamba kuanzia 2014 kila mwanajeshi wake wa kike apige angalau pulapu 3. Wakaahirisha, kwa sababu zaidi ya nusu ya makuruta wa kike walishindwa kuzifikisha mwishoni mwa mafunzo mwaka 2013. Hao ni vijana waliofunzwa kila siku. Kwa hiyo ugumu unaousikia ni wa kweli, haukuanza na wewe. Lakini lipo kundi lingine pale ambalo liliziweza, nalo ni la wanawake vilevile. Kwa wengi wetu misuli ya juu ya mwili ni midogo kuliko ya wanaume, basi njia inakuwa ndefu zaidi. Njia yenyewe ni hiihii.

Ngome_Kuu

Nimesoma, nimejifunza. Nilijibu haraka. Dada, usiache.

KochaMzee

Kwa hapo mlipofika, Tumaini, ratiba yako iwe hivi. Siku tatu kwa wiki, katikati siku ya kupumzika. Anza na kushusha mabega, seti 3 za 5. Kisha kushuka, mara 3 hadi 5, moja moja, na katikati pumzika dakika mbili nzima au tatu. Wengi hawana subira na dakika hizo, wanarudi wakihema. Ukichoka unajifunza kushuka vibaya. Malizia na za ulalo. Siku moja kati ya hizo tatu, usishuke kabisa, ning'inia tu mara kadhaa ili vidole vipate nguvu. Nusu saa inatosha.

Wiki za mwanzo utaona unapata nguvu haraka na mikono haijabadilika hata kidogo. Ni mishipa ya fahamu inajifunza kuamsha misuli uliyonayo tayari. Ndiyo maana nakuambia ufanye chache, safi, mara kwa mara.

Na ushikaji: weka chuma kwenye mashina ya vidole, usikibane katikati ya kiganja, ngozi itakunjika ikupe malengelenge. Miguu usiikunje nyuma. Iache mbele kidogo, bana tumbo na makalio. Wakati wa kuvuta usifikirie kupandisha kidevu, fikiria kushusha viwiko vije mbavuni.

Tumaini34 (wiki ya 6)

Wapendwa, nimerudi na hesabu. Kuning'inia: sekunde 38, kutoka 14. Kushusha mabega: 8 safi, picha nimepigwa. Kushuka: sekunde 7, na pale katikati nasimama mbili. Za ulalo seti 3 za 9.

Wiki ya 4 kiwiko cha kushoto kilianza kuniuma kwa ndani, nilikisikia nikikamua taulo, kama Tabibu alivyosema. Nimepunguza kushuka hadi mara mbili kwa siku, na siku nyingine nimeacha kabisa. Kimetulia. Bila onyo lile ningeendelea tu.

Bado sijajivuta. Nikianza kutoka chini napanda hadi chuma kiko usawa wa paji la uso.

Mshipi_wa_Pili

Paji la uso ni mbali sana kutoka ulikoanzia. Sasa geuza mikono, viganja vikutazame wewe, mikono iwe upana wa mabega. Mshiko huo unaipa misuli ya mbele ya mkono nafasi nzuri ya kusaidia, wengi hupata huo kwanza. Uhesabu, ni wa halali. Ila fuatilia kiwiko, huo mshiko unakigusa pia.

Tumaini34 (wiki ya 15)

Jumamosi asubuhi. Niligusa chuma kikiwa baridi, nikafanya za mabega tano, nikapumzika. Sikuwa nimepanga kujaribu. Nilishusha mabega, nikafikiria viwiko, nikaona kuta zinashuka. Pale katikati nilipokuwa natupwa nilikwama, nadhani sekunde moja, miguu inatetemeka, halafu nikapita. Kidevu kikawa juu ya chuma. Viganja vilikuwa vinatazama mbele. Nikashuka taratibu kwa sababu nimezoea kushuka taratibu.

Mwanangu alikuwa mlangoni. Akasema, "Moja."

Nimelia. Asanteni sana, kila mmoja wenu.

MamaWaWatatu

Na mimi nimelia hapa. Hongera sana, dada yangu, hongera!

KochaMzee

Hongera, mwanangu. Sasa usiikimbilie ya pili kwa pupa. Kwa wiki mbili piga moja, pumzika dakika tatu hadi nne, piga moja tena, ufike tatu au nne kwa siku, kila moja ikiwa peke yake. Kushuka usiache. Kiwiko kinasemaje?

Tumaini34

Kiko salama, leo nimekamua taulo sijasikia kitu. Nilijaribu ya pili baada ya dakika nne, ikaishia puani. Jumanne narudi tena.