Tulale wapi Luang Prabang: gumzo la kikundi cha ukoo

Shangazi Salma: Asalaam aleikum ndugu zangu na wanangu. Mimi na Mzee tumekwisha kuamua kwamba, panapo majaaliwa, mwezi wa Novemba tutatoka Maskat kwenda Laos, na siku nyingi za safari hiyo tutazipitisha katika mji wa Luang Prabang. Zuhura, kwa kuwa kazi imekupeleka huko na mitaa umeizoea, nakuomba unishauri tulale wapi. Nimeona picha za hoteli ndogo zilizo ndani ya majumba ya wakati wa Wafaransa, zenye kuta nyeupe, madirisha ya mbao na baraza inayotazama mto, nazo zimenivutia mno. Magoti ya Mzee mnayajua nyote, lakini hata hivyo sitaki tufikie mahali panapofanana na hoteli ya mji wowote duniani.

Zuhura: Waaleikum salaam, Shangazi, na shikamoo. Nimefurahi sana kusikia mnakuja, na Novemba mmechagua vyema, kwa sababu mvua huwa zimekatika na moshi wa mashamba yanayochomwa mwezi wa Machi na Aprili bado uko mbali. Mji wenyewe umekaa juu ya rasi nyembamba, Mekong ukipita upande mmoja na mto mdogo wa Nam Khan upande wa pili, hadi mito hiyo inapokutana kwenye ncha, karibu na hekalu la Wat Xieng Thong ambalo Mfalme Setthathirath alilijenga karibu na mwaka 1560. Hoteli unazozisema zimetawanyika katika rasi hiyo na pembezoni mwake. Karibu zote ni nyumba za ghorofa moja tu juu ya ile ya chini, kwani mji uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1995 na majengo marefu hayaruhusiwi. Kwa hiyo lifti msiitarajie, na ngazi za mbao za nyumba hizi ni za kusimama wima. Ukiandika kuomba nafasi, omba chumba cha chini na upate jibu la maandishi.

Shangazi Salma: Marahaba mwanangu. Hilo la ngazi peke yake limenilipa kwa kuuliza.

Nasra: Shikamoo Shangazi, shikamooni wakubwa wote. Naomba niseme jambo kwa heshima, maana mimi hufundisha historia na siwezi kulinyamazia. Majumba hayo yanauzwa kwa wageni kana kwamba wakati wa Wafaransa ulikuwa wakati wa starehe kwa kila mtu. Auguste Pavie alifika Luang Prabang mwaka 1887 akiwa makamu wa konseli, mwaka uleule mji ulipovamiwa na kuchomwa, naye akamwokoa mfalme mzee Oun Kham. Mwaka 1893 manowari za Kifaransa zikailazimisha Siam, yaani Thailand ya leo, iachie ardhi ya ukingo wa mashariki wa Mekong, na Laos ikawa chini ya ulinzi wa Ufaransa. Kilichofuata kwa mkulima wa kawaida kilikuwa kodi ya kichwa na kazi ya lazima ya kukata barabara. Sikatai mtu kulala katika nyumba nzuri. Ninachokataa ni mgeni kulipia mandhari ya ubwana bila kuambiwa ni nani aliyekuwa akibeba maji.

Zuhura: Dada Nasra, hilo nalikubali, na nadhani hoteli nyingi hapa zinastahili kuulizwa swali hilo. Lakini nyumba hizi si za Wafaransa peke yao. Zamani matofali na chokaa yalikuwa ya mahekalu, na watu waliishi katika nyumba za mbao na mianzi zilizoinuliwa juu ya nguzo. Wafaransa walipokuja walileta waashi kutoka Vietnam, na mikono ya waashi hao ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya kile kinachoitwa leo mtindo wa Kifaransa. Baada ya hapo wenyeji nao wakaanza kujenga hivyo kwa namna yao, chini matofali na juu mbao, paa likabaki lilelile la Kilao lenye mteremko mkali. Jumba la mfalme lilianza kujengwa mwaka 1904 kwa ajili ya Sisavang Vong kwa mchanganyiko huohuo, na baada ya ufalme kuondolewa mwaka 1975 likafanywa makumbusho. Tena kuna hoteli iitwayo Satri House ambayo ilikuwa nyumba ya Mwanamfalme Souphanouvong, aliyepigana na Wafaransa na kuwa rais wa kwanza wa jamhuri mwaka huohuo wa 1975. Mgeni anayelala pale analala katika nyumba ya mtu aliyewatoa wakoloni, iwapo atachukua taabu ya kuuliza.

Nasra: Hapo umenipa kitu cha kuwafundishia wanafunzi wangu. Basi nachosisitiza ni hilo la kuuliza.

Ami Khamis: Waaleikum salaam wote. Mimi nimekaa kimya nikisoma, na sasa nina swali la fundi. Zuhura, hizo kuta nyeupe wanazitengenezaje zinapoharibika? Nimefanya kazi ya nyumba za Mji Mkongwe umri wangu mzima, na nimeona nyumba nzuri ngapi zikiuawa na saruji. Mtu anapata fedha za wageni, anaita fundi wa haraka, ukuta wa mawe na chokaa unapigwa lipu ya saruji, na baada ya misimu michache unyevu ulionaswa ndani unazipasua kuta na kuzioza boriti.

Zuhura: Shikamoo Ami. Swali hilo ndilo lililonifanya nikukumbuke tangu nilipofika. Hoteli ninayolala ni nyumba ya zamani yenye matofali chini na mbao juu, na wiki hii walikuwa wakirekebisha ukuta wa nyuma unaoelekea Nam Khan. Fundi alibandua lipu iliyokufa hadi akafika kwenye tofali, akauacha ukuta ukauke, kisha akapaka chokaa na mchanga kwa tabaka nyembamba, akisubiri kila tabaka ishike kabla ya kuongeza nyingine. Chokaa hapa hutoka kwenye milima ya mawe inayouzunguka mji, nasi kwetu huichoma kutokana na mawe ya matumbawe, lakini tabia yake ni ileile: inauacha ukuta upumue. Kuta za ndani za ghorofa ya juu si matofali kabisa. Ni fito za mianzi zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, halafu zikapakwa chokaa juu, na mgeni asiyeambiwa hawezi kutambua.

Ami Khamis: Kukandika! Na wageni wanalipa fedha nyingi kulala humo, ilhali kwetu mtu akiachiwa nyumba ya kukandika na babu yake anaona haya. Nakuomba upige picha ya mahali ukuta wa tofali unapokutana na nguzo ya mbao. Hapo ndipo maji huingia, na pale ndipo ninapomjua fundi.

Zuhura: Nitapiga, Ami. Na usidhani kwamba hapa hakuna saruji. Ipo, hasa kwenye majengo mapya yaliyoigizwa umbo la zamani, na ukiigonga kwa kidole unaisikia. Lakini ndani ya eneo la urithi kuna ofisi ya mji, iliyoanzishwa baada ya 1995 kwa msaada wa mji wa Chinon wa Ufaransa, ambayo huangalia michoro kabla mtu hajagusa paa au dirisha. Imeorodhesha nyumba, na hata mabwawa yaliyo katikati ya mitaa, yale yanayopokea maji ya mvua na kulisha samaki na mboga. Mimi naona kuyalinda mabwawa ni jambo la busara kuliko hata kulinda madirisha, kwa sababu mji wa kando ya mto ukifukia mabwawa yake utayalaki maji sebuleni.

Shangazi Salma: Ami wenu ameniteka safari yangu ikawa darasa la ujenzi, lakini naendelea kusoma kwa furaha. Zuhura, nimeona hoteli moja iitwayo Amantaka. Ni nzuri kupita kiasi. Ina neno gani?

Zuhura: Amantaka ilikuwa hospitali ya wakati wa Wafaransa, Shangazi, na ikafunguliwa kuwa hoteli mwaka 2009 ikiwa na vyumba vya kifahari 24. Majengo yake ni ya chini, kwa hiyo magoti ya Mzee yangepumzika, na kazi ya ukarabati iliyofanyika pale inaheshimika. Iko nje kidogo ya rasi, upande wa kusini wa kilima cha Phousi. Bei yake ni ya juu sana, na kwa maoni yangu mtakuwa mmejifungia katika utulivu wa bustani na bwawa la kuogelea, wakati mlichokuja kukitafuta kiko nje ya ukuta.

Shangazi Salma: Nini hicho kilicho nje ya ukuta?

Zuhura: Majirani. Na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa hili ndilo jambo linaloniumiza katika mji huu ninaoupenda. Mji una mahekalu zaidi ya 30, na watawa wake hawapiki. Kila siku kabla jua halijachomoza hupita mitaani bila viatu, kwa safu, na watu wa mtaa hukaa mbele ya milango yao wakiwatilia wali wa kunata katika bakuli zao. Hekalu huishi kwa mkono wa mtaa, na mtaa huwapeleka watoto wake hekaluni kusoma. Wageni walipoongezeka, familia nyingi za rasi ziliona kwamba kodi ya nyumba moja inaweza kujenga nyumba kubwa pembeni ya mji, wakahama na kumpangisha mwekezaji. Wataalamu wa UNESCO waliozuru mwaka 2007 walilionya jambo hilo. Kuta zimehifadhiwa vizuri kabisa, lakini kuna mitaa ambako anayekaa mlangoni asubuhi na kikapu cha wali ni mgeni aliyekinunua kwa mchuuzi, na wenye mtaa wako mbali.

Reli nayo imeongeza kasi. Tangu njia ya kutoka mpaka wa China hadi Vientiane ifunguliwe mwezi wa Desemba 2021, safari ya Vientiane hadi hapa, iliyokuwa ikimaliza siku nzima barabarani, imekuwa ya saa mbili hivi. Wenye biashara wanashukuru, nami siwalaumu hata kidogo.

Nasra: Hili linatuhusu moja kwa moja. Mji Mkongwe uliingia katika orodha hiyohiyo mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, na sote tunazijua nyumba ambazo zamani tuliingia bila kubisha hodi na leo tunaulizwa kama tumelipia chumba.

Ami Khamis: Ni kweli tupu. Lakini Nasra, tuseme pia upande wa pili. Nyumba isiyo na kipato huanguka. Mrithi mmoja yuko Dubai, mwingine Toronto, wa tatu hana fedha ya chokaa, na paa linavuja kwa miaka. Mimi nitamchukua mwenye hoteli anayemlipa fundi kila mwaka kuliko warithi kumi wanaogombana juu ya kifusi. Shida inakuja pale mtaa mzima unapofanywa hoteli.

Zuhura: Ndivyo ninavyoona mimi pia, Ami. Kwa hiyo ushauri wangu kwa Shangazi ni huu. Ziko nyumba ndogo za wageni ambazo mwenyewe bado anaishi humohumo, yeye na wazee wake, akipangisha vyumba vichache. Nyumba ni za wakati uleule na zina madirisha yaleyale, isipokuwa sabuni ya bafuni si ya bei mbaya. Karibu na ninapolala ipo moja inayotazama Nam Khan, ina vyumba viwili vya chini, na mama mwenye nyumba hutoa sadaka mlangoni kwake kila alfajiri kama mama yake alivyofanya. Upande huo ni mtulivu kuliko upande wa Mekong, ambako watu hukusanyika kutazama jua likizama. Ngoma za mahekalu mtazisikia kabla ya alfajiri popote mtakapolala, na mkiwa mmeamka kwa ajili ya sala hazitawasumbua.

Shangazi Salma: Na chakula? Mzee ana masharti yake na mimi nina ya dini yangu.

Zuhura: Nyama ya nguruwe hutumika sana, kwa hiyo semeni mapema. Samaki wa mto wapo, huviringwa kwenye majani ya mgomba pamoja na viungo na kupikwa kwa mvuke, nami nina hakika Mzee atawapenda. Kuna pia majani ya mtoni yanayokaushwa kama karatasi kwa ufuta, na wali wa kunata unaoliwa kwa mkono, kwa hiyo mtajiona nyumbani. Kwa watawa, tazameni kutoka ng'ambo ya barabara, mabega yakiwa yamefunikwa, bila mwanga wa kamera na bila kuwasogelea.

Ami Khamis: Na mto wenyewe je? Nilisikia habari za mabwawa ya umeme.

Zuhura: Linajengwa bwawa la megawati 1,460 juu ya Mekong, umbali wa kilomita 25 hivi kutoka mjini, na Kamati ya Urithi wa Dunia imeonyesha wasiwasi wake waziwazi. Wavuvi ninaozungumza nao wanasema maji tayari hupanda na kushuka bila kufuata msimu, na kingo ambako kinamama hulima mboga wakati wa kiangazi haziaminiki tena kama zamani. Hoteli zote hizi zimejengwa juu ya sifa ya mto, nami ningependa wenye hoteli wausemee kwa sauti kubwa kuliko wanavyofanya sasa.

Shangazi Salma: Nimeongea na Mzee, naye ameridhia. Zuhura, tafadhali mwendee huyo mama wa Nam Khan, umwambie tunataka chumba kimoja cha chini kuanzia wiki ya pili ya Novemba, na umuulize bei bila kumbana, kwa maana mwenye kuishi katika nyumba yake na kuitengeneza kwa chokaa anastahili haki yake. Ukipata jibu uliandike humuhumu kikundini ili Nasra aniandalie maswali ya kumuuliza.

Ami Khamis: Na picha ya nguzo, Zuhura.

Zuhura: Nakwenda kwake mchana huu, Shangazi, na nguzo nitaipiga picha hukohuko, Ami, maana nyumba yake ni ya zamani kuliko hii ninayolala.